Chupa ipi uchukue? Whisky, brandi, ramu, jini na tekila zikilinganishwa kutoka Mtwara

Malipo ya korosho yakishaingia, dukani kwetu hapa Mtwara mjini swali huwa moja. Mteja anasimama mbele ya rafu ya pombe kali, anaitazama juu hadi chini, kisha ananigeukia: "Kaka, ipi nzuri hapa?" Mmoja anataka zawadi ya shemeji yake anayeoa Masasi. Mwingine anataka ya kukaa nayo na wenzake jioni ufukweni Shangani. Wa tatu kaambiwa na mtu kwamba yenye rangi nzito ndiyo bora. Nikiwapa wote watatu chupa ile ile, wawili watajuta.

Nimeuza vinywaji miaka tisa, na ninachokijua ni kwamba "ipi nzuri" haijibiki mpaka ujue chupa imetoka kwenye zao gani, imepita kwenye mtambo gani na imekaa wapi kabla ya kutiwa kizibo. Ukishajua hayo, bei na lebo havikubabaishi. Namwandikia mtu mzima ambaye tayari anakunywa na amekwama kuchagua. Asiyekunywa, kwa dini yake au kwa uamuzi wake, simshawishi aanze.

Maswali manne kwa kila chupa

Pombe kali zote huanza kama pombe ya kawaida. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi, lakini kilevi kikifika asilimia kumi na kitu, hamira yenyewe inazidiwa na kufa. Kupita hapo lazima kukeneka, yaani kuichemsha ile pombe na kukusanya mvuke wake. Kilevi kinachemka kwenye nyuzijoto 78, maji kwenye 100. Kwa hiyo ukipasha moto polepole, mvuke unaotangulia una kilevi kingi kuliko kinachobaki chini. Ukiupoza, unadondoka. Aliyewahi kufunua sufuria ya wali akaona matone yamening'inia chini ya kifuniko ameshaiona nusu ya kazi hiyo.

Maarifa haya yana mkono wa Waarabu ndani yake. Al-Kindi, mwanachuoni wa Iraki wa karne ya 9, aliandika juu ya kukeneka mvinyo. Mtambo wenyewe waliuita al-anbiq, na Wazungu wakalichukua jina hilo hilo. Neno lao araq maana yake jasho, kwa kuwa kinywaji kinatoka tone kwa tone kama jasho usoni. Kumbuka neno hilo, tutakutana nalo tena huku kwetu.

Swali la kwanza basi ni zao. La pili ni mtambo, na mitambo mikubwa iko ya aina mbili. Kuna chungu cha shaba, kinachopika mkupuo mmoja mmoja na kuacha harufu ya zao ipite. Kuna na mnara, ambao pombe inaingia mfululizo na mvuke unapanda ngazi kwa ngazi ukizidi kusafika. Mnara uliosambaa duniani ni ule wa Aeneas Coffey wa Ireland, aliyepata hataza yake mwaka 1830. Chungu kinatunza tabia ya zao, mnara unaifuta. Swali la tatu ni pipa: kinywaji kimelala kwenye mbao au kimetiwa chupani kikiwa cheupe? La nne ni wewe: utainywaje, na nani, kwa hafla gani?

Na hapo rangi ikutoke akilini. Kinywaji kikitoka mtamboni ni cheupe kama maji, kiwe whisky, kiwe ramu. Udhahabu unatoka kwenye mbao za pipa, ila sheria za Scotland na za Cognac zinaruhusu pia kuongeza rangi ya sukari iliyoungua. Chupa nyeusi zaidi si lazima iwe ya kale zaidi.

Whisky

Zao lake ni nafaka. Hati za hazina ya mfalme wa Scotland za mwaka 1494 zinamtaja mtawa John Cor akipewa kimea cha kutengenezea "maji ya uhai", na kwa Kigaeli maji ya uhai ni uisge beatha, ndiko lilikotoka neno whisky. Watu wa Ireland wanasema wao ndio waliotangulia, na ubishi huo haujaisha.

Shayiri inaloweshwa ichipue, kisha inakaushwa. Bibi anayelowesha ulezi ili apate kimea cha togwa anafanya kazi ile ile kwa sababu ile ile: mbegu ikichipua, wanga wake unakuwa tayari kugeuka sukari. Scotland kuna wanaokausha kimea kwa moshi wa mboji ya kale inayochimbwa ardhini, na hapo ndipo inapotoka harufu ya moshi ambayo wengine wanaipenda kufa na wengine wanaisukuma pembeni. Whisky ya kimea kitupu ya kiwanda kimoja inakenekwa kwenye vyungu vya shaba, kwa kawaida mara mbili. Ireland wengi hufanya mara tatu, nayo inakuwa laini zaidi. Chupa nyingi zinazouzika hapa ni mchanganyiko: whisky ya kimea ikikutanishwa na ya nafaka nyingine iliyopita mnarani. Usiidharau ya mchanganyiko. Ni nyepesi, ina bei nafuu, na kuichanganya ili kila mwaka ladha iwe ile ile ni ufundi mkubwa.

Pipani, Scotland na Ireland zote zinataka miaka isiyopungua 3, na kwa Scotland lazima liwe pipa la mwaloni. Bourbon ya Marekani ina sheria zake: mahindi yasipungue asilimia 51, na pipa liwe jipya lililochomwa ndani kwa moto. Mkaa ule na mbao mpya huipa utamu wa sukari iliyoungua. Mteja aliyezoea vitu vitamu akitaka whisky, humpa bourbon kwanza.

Inamfaa mtu asiye na haraka, anayekaa na toti moja saa nzima. Kwa anayetaka kuizamisha kwenye soda, whisky ya miaka 12 ni pesa iliyomwagwa.

Brandi

Brandi ni mvinyo uliokenekwa, na jina lenyewe limetoka kwa Waholanzi, brandewijn, mvinyo uliochomwa. Zao ni zabibu. Maarufu kuliko zote ni Cognac ya Ufaransa, na jina hilo ni la mahali: isiyotoka eneo la Cognac ni brandi tu. Zabibu yake kuu ni ugni blanc, chachu, ambayo mvinyo wake mtupu hausisimui mtu. Lakini uchachu huo na kilevi chake kidogo ndivyo vinavyoufaa mtambo. Unapita kwenye chungu cha shaba mara mbili, na lita moja ya kinywaji inakula lita 9 hivi za mvinyo. Ndiyo maana bei haishuki.

Herufi za kwenye chupa wateja huniuliza kila siku, nazo maana yake ni umri wa kinywaji kichanga kuliko vyote vilivyochanganywa ndani. VS ni miaka 2 pipani, VSOP ni 4, XO ni 10 tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018. Kabla ya hapo XO ilikuwa 6.

Tusiwasahau jirani zetu wa kusini. Afrika Kusini inasimulia kwamba brandi yake ya kwanza ilikenekwa mwaka 1672, ndani ya meli ya Waholanzi iliyotia nanga Cape. Leo brandi yao ya chungu lazima ilale kwenye mwaloni miaka 3, na kwa pesa ya VS ya Cognac unaweza kupata brandi ya huko iliyozeeka zaidi. Naisema kwa sababu hapa kwetu mtu hulipia jina la Ufaransa bila kuonja jingine.

Na konyagi yetu? Jina linafanana na Cognac, lakini si brandi. Ni nyeupe, haina zabibu wala pipa. Nitairudia kwenye jini, ndiko iliko kwao.

Brandi humfaa anayependa harufu ya matunda na utamu unaobaki kooni, na ni zawadi isiyokosea kwa mzee anayekunywa. Anayetaka kinywaji cha jua kali la saa nane mchana, hapana. Ni nzito.

Ramu

Hii ndiyo ninayoitetea, na pia ndiyo inayoniumiza zaidi. Zao ni miwa, kwa kawaida molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kuondolewa. Kinywaji kilijitokeza katika visiwa vya Karibi karne ya 17, hasa Barbados, ambako kiwanda cha Mount Gay kina hati ya mwaka 1703. Waliokata miwa ile na kuchemsha ile molasi walikuwa Waafrika waliouzwa.

Na sisi wa kusini hatuko nje ya habari hiyo. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa, mkoani Lindi, apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Walipakiwa kwenda visiwa vya mashamba vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, Mauritius na Réunion za leo, ambako ramu inatengenezwa hadi sasa. Sisemi uache kuinywa. Nasema ukishika chupa ya Mauritius, ujue kuna damu ya pwani hii katika historia yake.

Mtambo ni wa aina zote. Jamaika inajulikana kwa ramu ya chungu, nzito, yenye harufu ya ndizi iliyoiva mno. Nyingine nyingi hupita mnarani na kutoka laini. Martinique, kisiwa cha Karibi, wengi hawatumii molasi bali juisi ya miwa yenyewe, na ndivyo cachaça ya Brazili ilivyo: ukiinusa unapata mua uliotoka kumenywa.

Kwenye pipa, kuna jambo ambalo lebo haikuambii. Mbao zinapumua, na kila mwaka kinywaji kinapungua. Scotland kunapotea kama asilimia 2 kwa mwaka. Kwenye joto la Karibi hasara ni mara tatu au zaidi, na kinywaji nacho kinakomaa upesi. Kwa hiyo usilinganishe ramu ya miaka 8 na whisky ya miaka 8 kwa kuhesabu miaka. Ramu hiyo imetembea mbali zaidi.

Inamfaa anayeanza, kwa sababu utamu wake haumpigi mtu. Nyeupe ichanganye na maji ya dafu, kipande cha ndimu na barafu. Ukiijaribu jioni moja huku upepo unatoka baharini na pweza yuko jikoni, sidhani utarudi kwenye soda. Ya zamani inywe peke yake.

Jini na vodka

Naziweka pamoja kwa kuwa mwanzo wao ni mmoja: kilevi safi cha mnarani, mara nyingi cha nafaka, chenye harufu kidogo sana. Kuanzia hapo zinaachana.

Vodka inabaki ilivyo. Ni ya Urusi na Poland, na jina lake ni udogo wa voda, maji. Inachujwa, mara nyingi kwa mkaa, inapunguzwa kwa maji, inatiwa chupani bila pipa. Viazi, ngano au rai, tofauti ipo lakini ni ndogo.

Jini inakenekwa tena pamoja na viungo, na lazima juniperi itawale, tunda dogo la buluu lenye harufu kama ya msonobari. Hufuatwa na mbegu za giligilani, maganda ya limau, wakati mwingine iliki. Ilianzia Uholanzi kwa jina la jenever, ikahamia London na kuuzwa rahisi kiasi cha kuangamiza familia, mpaka sheria ya mwaka 1751 ikabana wauzaji. Maji machungu ya toniki yanayoandamana nayo yana kwinini, dawa ya malaria ya zamani, na ndoa yao ilifungwa na Waingereza waliokuwa India.

Konyagi, kwa matumizi, inakaa kwenye benchi hili. Ina kilevi asilimia 35, wakati whisky na ramu nyingi ni 40 au zaidi, na inaelewana na toniki, ndimu na soda ya tangawizi. Haina ulazima wa kuwa na juniperi kama jini, na mtu akiidai iwe jini anaionea.

Jini na vodka humfaa anayechanganya, mwenye hafla ya watu wengi, na anayekunywa kwenye joto. Anayetaka kukaa na glasi tupu bila barafu hatapata mengi ya kusikiliza.

Tekila

Hii mtu wa Lindi anaielewa haraka kuliko mtu wa London. Aliyepita Kikwetu ameona mkonge. Agave ya tekila ni ndugu yake wa damu. Mkonge wetu ulitoka ng'ambo hiyo hiyo ya Amerika, ukaletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Sisi tunauchuna majani kwa ajili ya katani. Jimbo la Jalisco, Mexico, wanakata majani na kuyatupa, wanachukua kiini cha agave ya buluu, ambacho kimesubiri shambani miaka 6 au 7. Kinaokwa mpaka kiwe kitamu, kinakamuliwa, kinachachushwa na kukenekwa mara mbili. Nyeupe haina pipa au imelipitia kidogo. Reposado ni miezi 2 au zaidi, añejo ni mwaka na kuendelea.

Tafuta maneno "100% agave". Yasipokuwepo, karibu nusu ya sukari inaweza kuwa imetoka kwingine, mara nyingi kwenye miwa. Inamfaa anayependa ladha ya majani mabichi na pilipili kwa mbali. Chumvi na ndimu si lazima.

Bibo letu

Oktoba hadi Desemba, ukitoka Mtwara kwenda Masasi, kuna sehemu unaifunga pua au unaifungua, kutegemea ulikokulia. Mabibo, matunda ya mkorosho, yameanguka, manjano na mekundu, nyuki juu yake, maji yake yanatia doa la shati lisilotoka. Yakikamuliwa na maji yakichachuka ndiyo uraka. Yakianikwa ni kochoko, akiba ya baadaye. Uraka ukikenekwa ni gongo, wengine huita nipa.

Sasa sikia hili. Mkorosho ulitoka Brazili, Wareno wakaupeleka Goa, India, na pwani yetu. Goa wanakanyaga mabibo, wanachachusha, wanakeneka mara ya kwanza na kupata kinywaji wanachokiita urrak. Uraka wetu, urrak yao, araq ya Waarabu. Wakikeneka tena wanapata feni, yenye kilevi asilimia 42 na kuendelea. Tangu 2009 jina feni linalindwa na sheria kama Cognac inavyolindwa. Tunda ni lile lile.

Huku kwetu, kukeneka gongo bila leseni ni kosa tangu sheria ya mwaka 1966, na siwezi kukushauri uinunue. Si kwa sababu ya tunda, ni kwa sababu ya mtambo. Matunda huacha methanoli, ambayo ni sumu ya macho. Mtu anayepika kichakani kwa pipa la mafuta na bomba la kuokota hana kipimo cha kumwambia kilichomo, na wapo wanaoongezea vitu. Jirani yangu mmoja aliamka asubuhi akauliza kwa nini taa haijawashwa, na jua lilikuwa limeshatoka. Inanikera kwamba tunda lililowapa wenzetu kinywaji chenye heshima, kwetu linaoza au linapikwa kwa kujificha.

Kabla hujalipa

Tazama stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, kwenye kizibo na uihakiki kwa simu. Tazama kizibo hakijachezewa. Soma kama imeandikwa umri. Neno "special" peke yake halina mwaka ndani yake. Na ujue kuwa kinywaji kikishaingia chupani hakizeeki tena. Ile uliyoificha kabatini miaka 10 ni ile ile, isipokuwa umeiweka juani, hapo imeharibika. Ikifunguliwa, isimamishe, funga kizibo vizuri, weka kivulini.

Uchukue ipi?

Kama ni zawadi na unajua mhusika anakunywa polepole: whisky ya kimea au brandi ya VSOP. Humjui vizuri? Brandi ya chungu ya Afrika Kusini humkwaza mtu mara chache.

Sherehe ya watu hamsini, joto, muziki: jini, konyagi au ramu nyeupe, toniki na soda za kutosha, maji ya kunywa mengi kuliko pombe, na atakayewarudisha watu nyumbani asiguse.

Unaanza kuonja pombe kali na hujui unapenda nini: usinunue chupa. Nenda baa unayoiamini, agiza toti moja ya ramu ya zamani na toti moja ya bourbon, siku mbili tofauti. Koo lako litachagua.

Umechoka na utamu: tekila ya agave tupu au whisky ya moshi. Bajeti ni ndogo: konyagi halali yenye stempu ni bora kuliko whisky "ya bei" isiyo na stempu, kila siku.

Unatumia dawa, una mimba, au ukianza huwezi kuacha: hakuna chupa hata moja kwenye rafu hii iliyo yako, na muuzaji anayekujali atakuambia hivyo.

Na anayetaka ladha ya bibo bila hatari, aulizie mvinyo, juisi au jamu ya mabibo. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa hapa Mtwara, wamekuwa wakifundisha vikundi kuvitengeneza. Mvinyo huo ulaze kwenye barafu saa nzima kabla ya kuufungua.